Mume anataka kuvaa kilti Mwanza mwezi wa 9: kofia gani, shati gani, viatu gani?

MkeWaMskoti

Mwadila wana Mwanza. Naombeni ushauri, kucheka ruksa ila mkimaliza kucheka mnijibu. Mi nimeolewa na Mskoti, tunaishi kwao huku mwaka wa sita sasa, na mwisho wa mwezi wa 9 tunakuja nyumbani wiki mbili. Mzee wangu ana kilti, ile sketi ya drafti ya wanaume wa Uskoti, na kwake si vazi la harusi tu, huyu anapandia nayo milima, anaendea nayo mpirani, anakatia nayo majani nyuma ya nyumba, na ameshaapa picha ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani pale mjini, atapiga akiwa ndani ya kilti. Sijakataa, tena nampenda akiivaa. Shida yangu ni jua la kwetu. Kilti yenyewe ni ya sufu, nzito kama blanketi la bweni, na kofia zake mbili za kuvalia nayo ndo kichekesho, moja bapa ya sufu ina kishungi juu, ingine ndefundefu ya kukunja ina riboni mbili zinaning'inia kisogoni, zote hazina ukingo hata wa sentimita moja. Na mjue kichwa chake hapo katikati nywele zilishahama.

Ratiba yetu: Jumamosi kisiwani Saanane kwa boti, Jumapili pikiniki ufukweni Igombe na ndugu, katikati ya wiki kwenda kumsalimia bibi Magu. Sitaki aonekane kama anaenda kwenye gwaride. Nataka nguo za kutembelea tu, nyepesi, ila ziendane na hiyo kilti. Kofia gani? Juu avae nini? Chini raba au makobazi? Na zile soksi zao ndefu aziache huku?

Chuma_cha_Igoma

Mvalishe kapelo ya timu yetu Pamba Jiji umemaliza. TP Lindanda hadi Uskoti 😂😂

Bwana_Ziwa

La kofia niachieni, nabeba wageni kwa boti mwaka wa 11 huu. Kapelo hapana. Kapelo inakinga paji la uso na pua, masikio na shingo inaviacha viungue, nimeshusha wazungu hapa masikio mekundu kama nyanya na bado wanakwambia leo palikuwa na mawingu. Ziwani jua linakupiga mara mbili, juu linashuka na chini linarudi kutoka kwenye maji, na ukifika kwenye mawe nayo yanakurudishia. Halafu mwisho wa mwezi wa 9 ndo wakati jua linapita utosini kabisa huku kwetu, saa sita mchana unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Na tuko juu, ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ule upepo wa baridi usimdanganye, anaungua huku anajisikia poa.

Kwa hiyo pama. Ukingo kuzunguka kichwa chote, upana wa vidole vinne hivi, ukizidi hapo inakuwa tanga. Nasema hivyo kwa sababu kuna hizi pama za kikauboi vijana wanapenda, zimekunjwa juu pembeni, zinapendeza kwenye harusi ila zile pembe zilizokunjwa hazikingi masikio na upepo ukija kwa chini inaondoka. Asubuhi ziwa linatulia, ikifika saa saba saa nane upepo unaanza kuingia kutoka majini kwenda nchi kavu na hapo ndo kofia za watu zinakuwa za samaki. LAZIMA iwe na kamba ya kidevuni. Kama haina mwambie fundi atoboe vitundu viwili apitishe kamba ya kiatu, dakika tano tu.

Kitambaa: ya pamba nzito au turubai laini ndo nzuri, ukiilowesha ziwani ukavaa ni feni. Zile za ukili nazo zina hewa sana na ni nyepesi, ila ukiikalia kwenye boti imekwisha, na watu wanazikalia kila siku.

Ah na magoti. Watu wanapaka losheni usoni tu. Huyu na kilti yake nyuma ya magoti ndo ataungua, pale ngozi laini, kesho yake hakunji mguu. Apake nyuma ya magoti kabla hajapanda boti na arudie baada ya masaa mawili.

Fundi_wa_Makoroboi

Dada hongera kwa kutuletea shemeji. Mi cherehani ndo kazi yangu na kilti nimewahi kuletewa nipunguze kiuno, mteja alipewa zawadi. Nikaifumua kidogo nikakaa chini. Ile nguo ina kitambaa yadi 8! Mbele ni bapa, pande mbili zimelaliana, marinda yote yamerundikwa nyuma, na kila rinda limepimwa ili drafti isipotee, ukiangalia nyuma mistari inaendelea kama vile hakijakunjwa kitu. Kazi ya mkono ile, nilimheshimu aliyeshona. Ila uzito ni kama kilo mbili na zaidi, na pale kiunoni kuna bitana na turubai ndani, ndo maana joto linakaa pale, miguuni hamna shida, kuna hewa ya kutosha (mnanielewa).

Ushauri wangu ile ya sufu avae siku ya picha tu, asubuhi. Kwa Igombe na Magu mshonee nyingine ya kaki au ya kadeti nyepesi, yadi 4 au 5 zinatosha, marinda mapana machache, bizimu mbili pembeni, na mifuko. Yao ya asili haina mifuko, ndo maana wananing'iniza kile kipochi cha ngozi mbele. Huko Marekani kuna watu wa Seattle wanashona za namna hii tangu 2000, za kufanyia kazi kabisa, kwa hiyo si kwamba nabuni.

Shati: rangi moja. Drafti ya chini na drafti ya juu ni fujo, drafti na kitenge ni ugomvi wa mawifi. Chagua rangi moja ndani ya kilti yake, ile iliyofifia sio ile inayopiga kelele, mshonee au mtafutie shati la kitani au pamba, mikono mirefu ya kukunja maana jua likizidi anaikunjua. Poliesta usimpe hata kama ni nzuri vipi, jasho litaganda mgongoni na marinda yako hapo hapo chini yanasubiri. Halafu kitu watu hawakioni: kilti inavaliwa juu, kwenye kitovu, sio kwenye nyonga kama jinzi. Sasa shati la kawaida akiliachia nje linafunika nusu ya kilti anaonekana kavaa gauni la kulalia. Ama achomekee, ama achukue shati fupi lililokatwa sawa chini lisilo na mikia. Tisheti inayombana kidogo nayo inafaa, ya pamba, bila maandishi makubwa.

Mwalimu_Mstaafu

Nimesoma kwa furaha. Naongeza na napinga kidogo. Kilti kwa asili ilikuwa shuka kubwa la sufu ambalo mtu wa milimani Uskoti alijizungushia, akalifunga mkanda kiunoni na sehemu ya juu akaitupia begani, usiku akilalia humo humo. Hii fupi tunayoiona ilikuja baadaye, karne ya 18. Waingereza baada ya uasi waliipiga marufuku kwa sheria ya 1746 na marufuku hiyo ikafutwa 1782, ndiyo maana mwenzako ana uchungu nayo, usimwambie aiache nyumbani. Lakini pia ndiyo maana haikuwazia Mwanza. Ilibuniwa kwa ajili ya mvua, ukungu na matope, mtu anavuka kijito bila kulowesha suruali.

Ninapopinga: fundi, sufu siyo adui kiasi hicho. Inanyonya jasho bila kushikamana na mwili, na ule uzito ndio unaofanya marinda yaning'inie na kurudi mahali pake mtu akitembea. Kaki haina tabia hiyo. Ukikaa nayo mara moja marinda yanakuwa kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Mwache na sufu yake, mpunguzie vingine: hakuna koti, hakuna fulana ya ndani, hakuna tai, hakuna mkanda mpana juu ya bizimu, na kile kipochi cha manyoya akiache, abaki na kidogo cha ngozi tupu.

Fundi_wa_Makoroboi

Mwalimu shikamoo. Kaki inapigwa pasi usiku, unashona uzi kwenye kila rinda karibu na ukingo na haliendi kokote, sketi za shule tunazishona hivyo kila mwezi wa 12. Na kaki inafuliwa. Ile sufu akiitolea jasho siku tatu mfululizo utaiosha wapi? Ukiitia kwenye beseni na Omo imekwisha hiyo, inasinyaa inakuwa ya mwanae.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. La kufua umenishinda. Ya sufu inaning'inizwa kivulini usiku kucha ipigwe na upepo, basi.

shangazi_kisesa

Nyie wanaume mmeongea vitambaa mmesahau huyu mtu anaenda ukweni.

Mwanangu nisikilize. Kwanza mpigie bibi simu kabla, mwambie mkwe wako atakuja na vazi la heshima la kwao, wanaume wa kwao wanavaa hata wakioa. Mtaje na wa pwani na misuli yao na vikoi, mtaje Wamasai na lubega, bibi atasema aah kumbe, na majirani atawaambia yeye mwenyewe. Usipomwambia mtakuta watoto wa kijiji kizima wako uani.

Pili kukaa. Bibi atatoa kigoda, ni heshima, lakini kigoda ni kifupi na magoti yatapanda juu, sasa mwanaume aliyezoea suruali hajui kufumba. Omba kiti chenye mgongo mapema, sema mgongo wake mbovu. Na mfundishe kukaa kama tulivyofundishwa sisi na mashangazi zetu, mkono nyuma unapitisha chini ya makalio unalaza marinda, ndo unakaa, magoti pamoja au ile sehemu ya mbele aishushe katikati ya mapaja. Na nasikia wenyewe wana mzaha wa kutovaa kitu chini. Huko huko. Huku avae bukta ya pamba ya kubana, kwanza kwa heshima na pili kwa jasho, mapaja yakisuguana na joto la mwezi wa 9 atatembea kama bata kabla hamjafika getini.

Tatu hiyo kofia ya kamba nimeipenda, ila akisalimia wazee aivue, asiisukume tu mgongoni ikaning'inia kama mchunga ng'ombe. Aivue aishike mkononi, asalimie, ndo arudishe wakitoka juani. Ndani haivaliwi.

Nne bodaboda asipande. Hata usijadili. Hawezi kukaa upande kama sisi na akitanua ni aibu ya mji. Bajaji.

Na kwenye boti mpe khanga moja ya kutupia mapajani, inazuia upepo na inakinga yale magoti wanayoyasema wenzangu, mkifika Saanane unaikunja unaweka mkobani.

Chuma_cha_Igoma

Shangazi umeua 😂 "sema mgongo wake mbovu"

Bwana_Ziwa

Hilo la khanga kweli kabisa. Ile pini kubwa wanayochomeka mbele pembeni chini nilidhani ndo inazuia isifunuke, kuna mgeni aliniambia hapana, inachomwa kwenye kitambaa cha juu peke yake, ukishikanisha vyote viwili ukipiga hatua ndefu inachana. Ni uzito tu. Kwa hiyo kwa upepo wa ziwani usiitegemee, tegemea khanga.

PamaNyeusi

Naongeza mambo matatu ya kuepusha kesi.

Moja, akinunua kofia au hiyo kilti ya kazi huko kwao ASINUNUE ya mabakamabaka ya jeshi. Huko ni fasheni, madukani ya nguo za porini zimejaa, pama za mabaka, kilti za mabaka. Hapa raia havai nguo inayofanana na ya jeshi, mwaka 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe. Mgeni atajieleza na atasikilizwa labda, ila kofia haitarudi. Kaki isiyo na mabaka, kijani cha majani makavu, kijivu, hizo sawa.

Mbili, wana kisu kidogo wanachomeka kwenye soksi. Kibaki Uskoti. Uwanja wa ndege tu hapo ni maelezo ya nusu saa.

Tatu, kama mna mpango wa kuchomoka kwenda Serengeti kwa geti la Ndabaka, na drafti yake ni ya bluu iliyoiva na nyeusi, hiyo siku avae ya kaki ya fundi. Mbung'o wanafuata bluu na nyeusi kama wameitwa, na huyu miguu iko wazi. Mi nilivaa jinzi ya bluu tu nikajuta.

Kofia za kununua hapa hapa zipo, nenda Mlango Mmoja kwenye mitumba asubuhi wanapofungua mabelo, pama za pamba za gredi ya kwanza zinatoka, unachagua yenye vitundu vya hewa pembeni na kitambaa cheusi au kijani chini ya ukingo, sio cheupe. Cheupe chini kinarudisha mwanga wa maji machoni. Yangu ilikuwa elfu 12 baada ya kubembelezana na ina mwaka wa nne. Ila mpime kichwa kwa futi kamba kabla hamjaja, wazungu wana vichwa virefu, nyingi zinambana paji zinamwachia kisogo.

MkeWaMskoti

Jamani wabeja sana, nimecheka mpaka kaniuliza nasoma nini, nikamtafsiria, akanuna kidogo kwenye la kigoda halafu akaanza kufanya mazoezi kwenye stuli ya jikoni. Drafti yake ni kweli bluu, kijani na nyeusi, kwa hiyo PamaNyeusi umetuokoa. Fundi ntakutafuta, vipimo ntakuja navyo vya kiuno kwenye kitovu na urefu mpaka katikati ya goti, au upunguze kidogo? Bado viatu. Anataka buti zake za mlimani na soksi nzito zimekunjwa. Mi nilifikiria katambuga.

Fundi_wa_Makoroboi

Urefu juu ya goti kidogo tu, pale goti linapoanzia. Ikishuka chini ya goti ndo inakuwa sketi ya mama mchungaji. Kitambaa njoo tuchague wote usije nacho.

Bwana_Ziwa

Viatu inategemea siku. Saanane mnapanda mawe, na yale mawe mchana ni chapati inaivia hapo, pia kuna sehemu zinateleza karibu na maji. Katambuga za tairi zinashika vizuri ila huyu mguu wake mweupe juu utachoreka mistari ya jua, na hana sugu. Buti nzito nazo kwa joto hili ni adhabu. Raba nyepesi zenye soli ya kushika, soksi za pamba zimeshushwa mpaka kwenye kifundo. Igombe hapo makobazi ruksa, mchangani hapo, ila asiingie kutembea kwenye maji ya pembeni yenye majani eti kwa kuwa kilti hailowi! Kichocho kinaingia kwa ngozi, hakina haja ya kumeza maji. Najua Mwalimu ametuambia iliundwa kwa kuvuka vijito. Vijito vya kwao.

shangazi_kisesa

Na zile soksi ndefu asiziache. Mchana azishushe, ikifika saa kumi na mbili jioni azipandishe mpaka chini ya goti akunje, mbu wa ziwani wanaanza na vifundo. Kwa hilo Waskoti walifikiria.

PamaNyeusi

Na picha ya Bismarck mpige asubuhi saa moja saa mbili, pale karibu na kivuko cha Kamanga, akiwa na sufu yake kamili na ile kofia yake yenye riboni akitaka, jua bado dogo. Mkimaliza anaitia mkobani anavaa pama. Hapo kila mtu kapata chake.

MkeWaMskoti

Amekubali yote. Pama, shati la kitani la kijani kilichofifia, raba, bukta, khanga ya boti (kachagua mwenyewe, kaambiwa maana ya maneno yake kaipenda zaidi), soksi jioni. Kisu kimebaki ila kwa masikitiko. Kitu kimoja tu anauliza, Saanane kasikia kuna pimbi wanaota jua kwenye mawe, anataka kujua kama wanang'ata miguu.

Bwana_Ziwa

Wanakimbia wao. Labda awakalie.

shangazi_kisesa

Ndo maana nikasema alaze marinda kwanza aangalie nyuma.